Chombo Kabla ya Kimea: Kuchagua Vifaa Salama vya Kupikia Pombe Nyumbani

Mtu anayekusudia kupika pombe nyumbani kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza habari za nafaka. Huuliza ulezi mzuri unapatikana wapi, ndizi ziive kwa siku ngapi, kimea kioteshwe kwa muda gani. Swali la chombo huja mwisho, na mara nyingi hujibiwa kwa kile kilichopo: pipa lililobaki baada ya ujenzi, ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba, sufuria kuukuu iliyostaafu jikoni. Mpangilio huo wa maswali unastahili kugeuzwa. Kwa mtazamo wa afya, chombo ndicho kiungo cha kwanza cha pombe, kwa kuwa kinachotoka katika kuta zake huingia katika kinywaji, na kilichoingia katika kinywaji hufika katika ini la mnywaji.

Makala haya hayamshawishi yeyote kunywa. Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na tangu mwaka 1988 vinywaji vyenye kileo vimewekwa katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Hata hivyo, pombe hupikwa majumbani, hunywewa katika mahari, mazishi na mavuno, na huwasomesha watoto wa kina mama wengi. Madhara ya kileo chenyewe yanatosha. Hakuna sababu ya mnywaji kuongezewa zinki, risasi na mabaki ya sumu ya mimea kwa kosa la kuchagua pipa baya.

Safari ya mbege kutoka chombo hadi chombo

Mfano mzuri ni mbege, pombe ya Wachaga wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa saa kadhaa mpaka zigeuke rangi na kuwa nyekundu. Hupozwa, kisha huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, na mchanganyiko huo huitwa nyangi. Pembeni, ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea, halafu hupikwa uji uitwao mso. Gome la mti wa msesewe hutiwa ili kuleta uchungu unaopendwa na wanywaji. Nyangi iliyochujwa na mso uliopoa huchanganywa, na baada ya siku moja hivi mbege huwa tayari kwa kata.

Msomaji akihesabu, ataona kwamba kabla ya tone moja kufika kinywani, kinywaji hiki kimepita katika sufuria ya kuchemshia, pipa la kuchachushia, chombo cha kuoteshea na kukaushia ulezi, sufuria ya mso, chujio, ndoo ya kuchanganyia na kipimo cha kunywea. Katika sufuria hukaa kwa saa. Katika pipa hukaa kwa siku. Na ni katika pipa hilo ambamo kinywaji hubadilika tabia: sukari hugeuka kileo, na wakati huohuo bakteria huzalisha asidi ya maziwa na asidi nyinginezo. Uchachu huo ndio unaoipa pombe ladha na kuzuia vijidudu vingi vya maradhi kustawi. Lakini uchachu huohuo hula metali.

Kanuni yenyewe si ngumu. Maji matupu yaliyowekwa katika ndoo ya bati kwa siku moja huchukua kiasi kidogo tu cha metali ya ndoo hiyo. Kinywaji chenye asidi, ambacho kipimo chake cha pH mara nyingi huwa chini ya 4.5, hukwangua zaidi, na hukwangua kwa siku zote kinapokaa humo. Joto huongeza kasi. Michubuko na kutu huongeza eneo la kuliwa. Kwa hiyo chombo kinachofaa kuhifadhia maji hakithibitishi kwamba kitafaa kuchachushia pombe.

Funzo kutoka kusini mwa Afrika

Kama kuna mtu anayedhani hatari hiyo ni ya vitabuni tu, historia ya kusini mwa Afrika inamjibu. Mwaka 1929 daktari aitwaye Strachan aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow tasnifu iliyotokana na uchunguzi wa maiti za watu waliofia Johannesburg, wenyeji wa nchi mbalimbali za kusini na kati mwa Afrika. Katika maini ya wengi wao alikuta mlundikano mkubwa wa madini ya chuma. Katika miongo iliyofuata, watafiti wa Afrika Kusini, Thomas Bothwell akiwa miongoni mwao, walifuatilia chanzo chake, na njia ikawapeleka kwenye pombe ya kienyeji.

Zamani pombe hiyo ilipikwa katika vyungu vya udongo. Vyungu na mapipa ya chuma yalipoenea vijijini, wapishi waliyapokea kwa furaha, kwa maana hayavunjiki na hubeba kingi. Asidi ya pombe ikaanza kuyala. Vipimo vilionyesha kwamba lita moja ya pombe iliyopikwa humo ilibeba makumi ya miligramu za chuma, ilhali mwanamume mzima huhitaji takriban miligramu 8 tu kwa siku kutoka katika chakula chake chote. Tena chuma hicho, kwa kuwa kimekwisha kuyeyushwa na asidi, hufyonzwa na utumbo kwa wepesi. Mwili wa binadamu nao hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi. Kinachoingia hubaki, mwaka baada ya mwaka, katika ini, kongosho na wengu.

Matokeo yake ni ini kujaa makovu na kusinyaa, kisukari, na mifupa kudhoofika. Hali hiyo imehusishwa pia na saratani ya ini na kifua kikuu. Mwaka 1992 Victor Gordeuk na wenzake walionyesha kwamba huenda kuna pia urithi wa kinasaba unaowafanya baadhi ya watu kulundika chuma upesi zaidi kuliko wengine. Mtu hawezi kuchagua urithi wake. Pipa analichagua mwenyewe.

Metali zipi zikwepwe

Chuma cha kawaida na mapipa ya mafuta yaliyokatwa juu ndiyo ya kwanza kuachwa, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa, na kwa sababu nyingine ya wazi: lililobeba mafuta ya mashine haliwezi kutakaswa kwa sabuni wala kwa moto wa kuni.

Ndoo na mapipa ya bati lililopakwa zinki huonekana safi na hung'aa, na hapo ndipo mtego ulipo. Tabaka la zinki limewekwa ili lilinde chuma kisishike kutu kwa maji. Mbele ya asidi, tabaka hilo huyeyuka. Mtu anayekunywa kinywaji chenye zinki nyingi hupatwa na kichefuchefu, kutapika, msokoto wa tumbo na kuhara, wakati mwingine kabla hata ya kuondoka kilabuni. Wanywaji husema pombe ilikuwa kali. Huenda ni ndoo iliyokuwa mbaya. Na anayepokea zinki nyingi kwa muda mrefu huzuiliwa kufyonza madini ya shaba, jambo linaloweza kuleta upungufu wa damu na udhaifu wa neva.

Shaba nayo, japokuwa ni nzuri machoni, huyeyuka katika asidi. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 2 za shaba kwa lita, na kinywaji kichachu kilicholala katika chombo cha shaba kinaweza kuupita mpaka huo. Iliyo mbaya kuliko zote ni risasi. Hujificha katika lehemu ya kuungia mabati, katika rejeta za magari, katika koki na mabomba ya zamani, na katika baadhi ya rangi zing'aazo za vyombo vya udongo. Kwa risasi hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto na mimba changa. Pipa lililozibwa tundu kwa lehemu isiyojulikana, basi, lisiingie pombe hata likitengenezwa vizuri namna gani.

Sufuria ya alumini inahitaji maneno mawili. Ya kiwandani, iliyo laini na nzima, inaweza kutumika kuchemshia maji na kupikia uji wa mso, mradi kinywaji kilichokwisha kuchachuka kisilazwe humo. Sufuria nzito zinazosubuliwa mitaani kutokana na vyuma chakavu ni habari nyingine. Utafiti uliofanywa Cameroon na kuchapishwa mwaka 2014 uligundua kwamba sufuria za namna hiyo hutoa risasi zinapopikiwa vyakula vyenye asidi. Fundi anayeyeyusha vipuri vya injini, makopo na betri chakavu katika tanuri moja hawezi kujua ni metali gani amezichanganya, na mnunuzi hawezi kuijua kwa macho.

Metali inayofaa ni ile isiyoshika kutu, ambayo wauza vyombo huiita stenlesi. Ile ya vyombo vya chakula kwa kawaida huwa na kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na kromiamu hiyo ndiyo inayojenga utando mwembamba unaokinza asidi. Aghalabu sumaku haiishiki sana, ingawa jaribio hilo ni dokezo tu na haliwezi kuwa hukumu. Bei yake ni kubwa. Lakini Waswahili husema rahisi ni ghali, na sufuria moja nzuri yenye kitako kinene huweza kudumu maisha yote ya mpishi.

"Lilibeba nini?"

Wapishi wengi hawataanza na stenlesi. Wataanza na plastiki, na hakuna ubaya, ikiwa watauliza swali moja na kulisisitiza. Mazungumzo sokoni huweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pipa hili la bluu lilibeba nini?"

"Lilikuwa na sabuni tu, mama. Ukiosha linatakata."

"Sabuni ya namna gani? Karatasi yake iko wapi?"

"Ilibanduka, mama. Lakini wote wananunua haya."

Mama huyo anapaswa kuaga kwa heshima na kwenda zake. Mapipa ya plastiki ya lita 200 huingia nchini yakiwa yamebeba vitu vingi: juisi nzito, mafuta ya kula, lakini pia viuatilifu, asidi, gundi na viyeyushi vya viwandani. Plastiki si kioo. Kemikali za namna fulani hupenya ndani ya ukuta wake na kutulia humo. Pipa hunawishwa, harufu huondoka, muuzaji huapa, kisha kileo na asidi huzivuta zile kemikali pole pole. Chombo kilichobeba dawa ya kuua wadudu au magugu hakitakiwi kutumiwa tena kwa chakula wala kinywaji kwa hali yoyote. Taratibu za kimataifa huagiza kisuuzwe mara tatu, kisha kitobolewe, ili asipatikane wa kukiokota.

Namna ya kuchagua ni hii. Chini ya chombo mna pembetatu yenye namba. Namba 2 ni plastiki ngumu ya polithini na namba 5 ni polipropilini. Hizo ndizo hutumika zaidi kwa ndoo za chakula. Namba 1 ni ya chupa za maji na soda, nayo haistahimili maji ya moto. Namba 3 na namba 6 ziachwe. Namba 7 ni mkusanyiko wa plastiki za aina nyingi, na asiyejua ni ipi aiache pia. Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa ndoo ya rangi ya nyumba nayo yaweza kuwa na namba 2. Itafutwe pia alama ya glasi na uma, inayoonyesha kwamba chombo kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Kilicho bora ni chombo kipya, au kilichobeba mafuta ya kula, asali au juisi na bado kina karatasi yake.

Plastiki ina adui mwingine, nao ni mikwaruzo. Kila mfereji ulioachwa na steelwool ni maficho ya vijidudu visivyofikiwa na sabuni. Ndoo ya plastiki huoshwa kwa kitambaa laini. Ikishachubuka sana, hupewa kazi ya kubebea maji ya bustani na mahali pake hununuliwa nyingine.

Vyombo vya asili visidharauliwe

Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, kibuyu na pipa la mbao vilifanya kazi hii kabla ya plastiki kuzaliwa, na haviwezi kutupwa kando kwa sababu tu ni vya zamani. Mtungi hauyeyushi zinki wala risasi, tena hupoza. Matundu yake madogo huhifadhi chachu ya mapishi yaliyotangulia, na ndiyo maana wapishi wazoefu huthamini mtungi uliozoea pombe. Udhaifu wake ni huohuo: matundu yanayohifadhi chachu njema huhifadhi pia bakteria wabaya, na mtungi ukishaharibika, pombe baada ya pombe itaharibika. Mtungi unaotoa harufu ya kuoza au wenye ukungu wa rangi uachwe. Wa kuepukwa kabisa ni chombo cha udongo kilichopakwa rangi yenye kung'aa kama kioo ambacho mtengenezaji wake hajulikani.

Mpishi anayehamia katika plastiki au stenlesi akumbuke kwamba chombo kipya hakina chachu ya urithi. Itampasa atie chachu kidogo kutoka katika pombe nzuri ya awali au anunue hamira. Pombe inayochelewa kuchachuka huwapa vijidudu waharibifu nafasi ya kutangulia.

Kifuniko, mrija na gesi isiyoonekana

Sukari inapogeuka kileo, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gramu 100 za sukari zikichachuka zote hutoa takriban gramu 49 za gesi hiyo, ambayo katika joto la nyumbani hujaza zaidi ya lita 25. Katika ndoo ya lita 20 yenye kilo mbili za sukari, hesabu inafika zaidi ya lita 500. Gesi yote hiyo ni lazima ipate njia.

Kwa sababu hiyo, chombo kilichofungwa kabisa ni hatari. Chupa ya kioo iliyotiwa pombe ambayo haijatulia na kuzibwa kwa nguvu hupasuka, na vipande vyake huenda machoni. Kwa upande mwingine, chombo kilicho wazi hukaribisha nzi, vumbi na mikono ya watoto. Suluhisho ni rahisi: kifuniko kinachobana, chenye tundu dogo lililopitishwa mrija wa plastiki ya chakula, na ncha ya mrija huo ikizamishwa katika kikombe cha maji. Gesi hutoka kwa mapovu; hewa ya nje na wadudu havirudi. Mpishi hupata na faida ya ziada, kwani mapovu yakipungua hujua kwamba uchachu unakaribia mwisho.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa na haina rangi wala harufu ya kumtahadharisha mtu. Hulala chini, ndani ya pipa na katika chumba kisicho na dirisha. Mtu anayeinamisha kichwa ndani ya pipa kubwa ili alisugue anaweza kupoteza fahamu humohumo. Chumba cha kuchachushia kiwe na hewa inayopita, na pipa kubwa limwagwe, lilazwe na kusuuzwa kabla ya kusuguliwa.

Turubai la kukaushia ulezi

Kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote ni kile cha kukaushia kimea. Ulezi uliooteshwa umejaa maji. Ukianikwa juu ya ardhi tupu au ukirundikwa nene, ukungu huota. Baadhi ya ukungu hutengeneza sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Watanzania waliishuhudia sumu hiyo mwaka 2016, mahindi yaliyochafuliwa yalipowaua watu katikati ya nchi.

Tukio la kutisha zaidi kwa wapishi wa pombe lilitokea Chitima, katika nchi ya Msumbiji, mwezi Januari 2015. Watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya unga wa mahindi msibani. Mwanzoni watu walidhani pombe ile ilitiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta sumu iitwayo asidi ya bongkreki, na bakteria anayeitengeneza akapatikana katika unga uliotumika. Wapishi hawakuwa na nia mbaya. Unga ndio ulioharibika.

Kwa hiyo katika orodha ya vifaa liwemo turubai safi au kichanja chenye wavu kilichoinuliwa kutoka ardhini, na ndoo kavu yenye kifuniko ya kuhifadhia kimea na unga. Nafaka iliyolowa kwa mafuriko au iliyobadilika rangi isigeuzwe pombe kwa kisingizio kwamba uchungu wa msesewe utaficha ladha. Ladha itafichika. Sumu itabaki.

Vipimo vitatu

Mpishi anayetaka kujua anachofanya ahitaji vipimo vitatu. Cha kwanza ni kipimajoto. Vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari vizuri zaidi kati ya nyuzi joto 60 na 70 za Selsiasi. Chini ya hapo kazi huenda polepole, na juu ya hapo huungua. Kinunuliwe cha kidijitali au chenye spiriti ya rangi. Chenye zebaki kisiingie jikoni kamwe, kwa kuwa kikivunjika, zebaki haiokoteki.

Cha pili ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika. Juisi ya kuanzia ikisoma 1.050, na baada ya kuchachuka ikasoma 1.010, tofauti hiyo ikizidishwa kwa 131 huonyesha kileo cha asilimia 5 na kitu. Kwa pombe nzito yenye uji kama mbege, jawabu ni makadirio tu, lakini makadirio ni bora kuliko giza.

Cha tatu ni kipimo cha kunywea, nacho ni kifaa cha afya kuliko vyote. Lita moja ya pombe yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 39 za kileo halisi. Shirika la Afya Duniani, katika dodoso lake la kupima unywaji, huhesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja. Anayemaliza kata ya lita moja amekunywa vinywaji karibu vinne, ingawa machoni pake ni kata moja tu. Mpishi anayegawa pombe kwa kikombe cha robo lita kilichoandikwa kipimo chake humpa mnywaji uwezo wa kuhesabu, na anayeweza kuhesabu huweza kusimama.

Usafi wa vyombo

Kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili tofauti. Kwanza chombo husuguliwa kwa sabuni mpaka utelezi uishe, kwa maana dawa haipenyi uchafu. Kisha huja joto au klorini. Stenlesi na mtungi hustahimili maji yanayochemka. Kwa plastiki, kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5 katika lita moja ya maji safi hutosha. Chombo kiloweshwe kwa dakika 10, kisha kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Klorini isichanganywe na siki wala limau, kwa kuwa hutoa gesi inayochoma mapafu, na isilazwe katika stenlesi kwa muda mrefu, kwa kuwa huitoboa. Chujio la kitambaa lichemshwe kila mara na kuanikwa juani.

Vyombo vya pombe viwe na alama yake na mahali pake. Pombe isitiwe katika dumu linalofanana na la mafuta ya taa au la dawa ya shambani. Usiku, dumu moja hufanana na jingine.

Kianzio cha mtu wa kipato kidogo

Mwenye fedha chache anunue kwa mpangilio huu: ndoo mbili mpya za plastiki ya chakula zenye vifuniko, mrija, kitambaa cha kuchujia, turubai, kipimajoto, na kikombe chenye kipimo. Sufuria ya stenlesi ifuate pale faida ya kwanza itakapopatikana, na haidromita baadaye. Aanze na lita 10, kwa kuwa pombe mbaya ya lita 10 humwagwa bila machozi, ilhali ya lita 200 hushawishi kuuzwa. Akikusudia kuuza, aulize halmashauri yake juu ya leseni. Mtambo wa kukenekia usiwemo katika orodha kabisa: kutengeneza gongo bila kibali ni kosa la jinai nchini Tanzania, na ukenekaji wa kienyeji, pamoja na rejeta na mabomba yake, huongeza hatari ambazo jiko la nyumbani haliwezi kuzidhibiti.

Mpishi mwema pia hujua wa kumnyima: mtoto, mama mjamzito, dereva, mgonjwa wa homa ya ini, na anayetumia dawa za kifua kikuu. Na mnywaji akitapika ghafla, akiona ukungu machoni, akichanganyikiwa au akigeuka manjano, apelekwe kituo cha afya upesi pamoja na sampuli ya kinywaji katika chupa safi. Mpishi aeleze bila woga chombo alichotumia. Mhudumu wa afya naye, anapoandika kwamba mgonjwa anakunywa pombe ya kienyeji, asiishie hapo. Aulize swali lilelile la sokoni: pipa lilibeba nini, na limetengenezwa kwa kitu gani? Huenda jibu hilo likamwonyesha chanzo cha maradhi, na likawaokoa wengine watakaokunywa kutoka katika pipa hilohilo kesho.